Kofia mbili za Brady, kofia moja ya Madden

Usiku wa Septemba 15, 2025, Las Vegas Raiders wakicheza na Los Angeles Chargers, kamera zilimwonyesha Tom Brady, mchezaji nyota mstaafu wa futiboli ya Marekani, ameketi katika chumba cha makocha wa Raiders, vifaa vya mawasiliano vikiwa masikioni. Brady ana hisa katika klabu hiyo. Brady huyohuyo ndiye mchambuzi namba moja wa mechi za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, katika televisheni ya Fox, kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa miaka 10 na thamani ya dola milioni 375. Ligi ikatoa jibu fupi: hakuna kanuni inayomzuia mmiliki kukaa na makocha wake. Tangu hapo mjadala umekwama mahali pamoja. Je, Brady anaweza kuchota siri za timu anazozitangaza Jumapili na kuzipeleka Las Vegas?

Swali hilo ni halali, ila nadhani limetupeleka pembeni. Ukilishikilia peke yake utafika upesi kwenye jibu la kwamba mambo ni shwari, maana hakuna aliyeonyesha siri yoyote iliyoibwa. Anayepunjwa hapa ni mtazamaji, na ili kuona anapunjwa nini inabidi turudi kwa mtu aliyeiunda kazi hii anayoifanya Brady, ambaye kwa sadfa alikuwa kocha wa Raiders haohao. Jina lake John Madden. Kwa vijana wengi Madden ni jina lililoandikwa kwenye gemu ya video. Kwa wazee wao ni yule bwana mnene aliyekuwa akipaza sauti hewani kila watu wawili wakubwa walipogongana. Vituo vya televisheni vinavyowanunua makocha na wachezaji wenye majina makubwa vinaamini vinafuata nyayo zake, nami nasema vimemsoma vibaya. Madden hakuwa nyota aliyehamishiwa kwenye televisheni. Alikuwa mwalimu aliyebadilisha darasa, na darasa la pili lilimwamini kwa sababu la kwanza alilifunga na funguo akazirudisha.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka, tuelewane kwanza kuhusu mchezo wenyewe. Futiboli ya Marekani huchezwa na watu 11 kila upande. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10; ikifaulu inapata mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Jaribio moja huisha ndani ya sekunde chache, kisha watu wanasimama, wanajipanga upya na kupeana mbinu inayofuata. Matangazo ya mechi moja huchukua saa tatu hivi, lakini waliokaa na saa mkononi walikuta kwamba mpira wenyewe unachezwa kwa takriban dakika 11 tu. Mtangazaji wa soka, awe redioni Dar es Salaam au kwenye televisheni London, hukimbizana na mpira usiosimama, na uchambuzi wa kina husubiri mapumziko. Huku, uchambuzi ndio unaoijaza mechi. Kati ya jaribio na jaribio kuna nusu dakika au zaidi ya kujazwa maneno, na maneno hayo ndiyo yanayoamua kama aliyeko nyumbani ataona watu 22 wanaangukiana, au ataona mpango mmoja ukipambana na mwingine. Mwaka wangu wa kwanza Marekani niliona watu wanaangukiana. Aliyenifumbua macho ni Madden, kwenye mkanda wa zamani aliouweka mwenyeji wangu: alimzungushia duara mchezaji asiyekuwa na mpira kabisa, akaonyesha jinsi mguu wake wa kulia ulivyomfungulia mwenzake njia. Tangu siku ile sijawahi kuutazama mpira peke yake.

Uwezo ule haukutokana na ustaa. Madden alizaliwa 1936 katika mji wa Austin, Minnesota, akakulia Daly City, kusini tu mwa San Francisco, katika familia ya kawaida. Alicheza chuoni Cal Poly, San Luis Obispo, na mwaka 1958 klabu ya Philadelphia Eagles ikamchagua katika raundi ya 21, mahali ambapo klabu inachagua mtu kwa kubahatisha. Katika kambi yake ya kwanza akaumia goti, na hakucheza hata mechi moja ya kulipwa maishani mwake. Alipokuwa akitibiwa alifika klabuni asubuhi mapema kuliko wenzake, akamkuta Norm Van Brocklin, kwotabeki mkongwe wa timu, yaani yule anayepokea mpira kila jaribio na kuamua uende wapi. Van Brocklin alikuwa akitazama filamu za wapinzani. Madden akakaa naye. Mkongwe yule alirudisha picha nyuma, akaeleza, akarudisha tena, na kijana mwenye goti bovu akauona mchezo kwa jicho ambalo hakuwa nalo alipokuwa uwanjani.

Shahada zake mbili alizichukua Cal Poly, zote za elimu. Mwaka 1960 alianza kufundisha katika chuo kidogo cha Allan Hancock, mjini Santa Maria, California. Alipenda kusimulia siku aliyokwenda kwenye semina ya makocha akiwa kijana anayejiona ameshaujua mchezo wote, akamsikiliza Vince Lombardi, kocha mkuu wa Green Bay Packers, akieleza mbinu moja tu ya kukimbia na mpira pembeni mwa uwanja. Lombardi alizungumzia mbinu hiyo moja kwa saa nane. Madden alitoka pale akijua kwamba hajui. Kwa maoni yangu kisa hicho kina uzito kuliko kombe lolote alilowahi kulibeba, kwa sababu kinaonyesha alichokithamini: kukichambua kitu kimoja mpaka kila mtu ukumbini aone kila mguu unakwenda wapi na kwa nini.

Mambo yalimwendea haraka. Kuanzia 1964 alikuwa msaidizi wa Don Coryell katika chuo cha San Diego State. 1967 Al Davis, mmoja wa wamiliki wa Raiders, wakati huo wakiwa Oakland, akamchukua kufundisha mabeki. 1969, akiwa na miaka 32, akawa kocha mkuu. Katika misimu 10 alishinda mechi 103, akapoteza 32 na kutoka sare 7, bila msimu hata mmoja wa kupoteza nyingi kuliko alizoshinda. Katika makocha wa NFL waliofikisha ushindi 100, hakuna mwenye wastani bora kuliko wake. Na bado alijua uchungu: mara sita timu yake iliishia mlangoni mwa Super Bowl, yaani fainali ya ubingwa, na mwaka 1972 iliondolewa na Pittsburgh Steelers kwa mpira uliodunda kwenye miili ya watu zikiwa zimebaki sekunde 22, ukadakwa na Franco Harris karibu na nyasi, akakimbia nao hadi mwisho. Kombe alilipata mara moja, Januari 9, 1977, Pasadena, kwa kuwafunga Minnesota Vikings 32 kwa 14. Raiders wa wakati huo walikuwa kundi la watu walioshindikana kwingine, na kanuni zake kwao zilikuwa tatu tu: fika kwa wakati, sikiliza, na nikikwambia ucheze, cheza kufa na kupona. Nywele, mavazi na mengineyo hakuyajali.

Halafu akaacha. Tukae hapa kidogo, kwa sababu ndipo wanaomwiga wanapopitiliza. Agosti 12, 1978, katika mechi ya maandalizi ambayo matokeo yake hayakuhesabiwa popote, beki wa Raiders, Jack Tatum, alimgonga Darryl Stingley wa New England Patriots. Stingley alivunjika shingo, akapooza, na hakutembea tena mpaka alipofariki 2007. Madden, kocha wa timu iliyomuumiza, alikwenda hospitali usiku uleule, na siku zilizofuata akaendelea kwenda. Wakati huo vidonda vya tumbo vilikuwa vikimsumbua. Msimu ulipokwisha, Januari 1979, alitangaza kwamba anaondoka na kwamba hatakuwa kocha tena. Alikuwa na miaka 42, umri ambao makocha wengi ndiyo kwanza wanapewa timu. Klabu yoyote ingempokea mwaka uliofuata, na ule uliofuata, lakini katika miaka 30 ya televisheni hakurudi.

Alipoingia kituo cha televisheni cha CBS mwaka huohuo wa 1979, kazi ya mchambuzi ilikuwa nyepesi kuliko tunavyoiona leo. Mchezaji wa zamani alifika uwanjani, akatoa maoni yake, akaondoka. Madden aliileta kazi ya kocha pale mezani. Alitaka filamu za mechi za timu zote mbili, kama anavyozitaka kocha anayejiandaa na pambano. Alitaka kufika siku kadhaa kabla, kutazama mazoezi, kukaa na makocha na wachezaji na kuwauliza wamepanga nini. Vikao hivyo kati ya watangazaji na timu vikawa desturi, na leo kila kituo kinachotangaza NFL kinavifanya. Kwenye Super Bowl ya Januari 1982 CBS ilimpa kalamu ya kuchorea juu ya picha ya televisheni, kifaa kilichobuniwa miaka mingi nyuma na mwanafizikia Leonard Reiffel, na nchi nzima ikaona mistari ya njano ikieleza nani alimzuia nani. Kwa kalamu ile Madden alifanya jambo ambalo lilikuwa nadra: aliwapa heshima watu wa mstari wa mbele, wale wanene wasiogusa mpira, ambao kazi yao ni kusukuma na kusukumwa. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Pembeni yake, kuanzia 1981, alikaa Pat Summerall, mtu wa maneno machache sana. Summerall alitaja tukio na kunyamaza, naye Madden akaingia kulieleza. Wawili hao walifanya kazi pamoja kwa zaidi ya miaka 20, kwanza CBS, halafu Fox kuanzia 1994, baada ya Fox kuzinunua haki za sehemu kubwa ya mechi. Mshahara wake huko uliripotiwa kuwa dola milioni 8 kwa mwaka, juu ya mchezaji yeyote wa wakati ule. Baadaye alikwenda ABC, kisha NBC, akiwa na Al Michaels. Alichambua Super Bowl 11, akapata tuzo 16 za Emmy, tuzo kuu za televisheni Marekani, akastaafu Aprili 2009. Tangu 1979 hakupanda ndege, kwa sababu ya hofu ya kubanwa mahali padogo. Alisafiri kwa treni, kisha kwa basi lake kuanzia 1987, pwani hadi pwani. Wengi hulisimulia basi lile kama kituko. Kwangu lilikuwa sehemu ya kazi. Asiyepanda ndege halazimiki kufika dakika ya mwisho; anafika mapema, akiwa ametazama filamu njia nzima.

Sasa turudi kwa Brady, maana hapa kuna jambo ambalo halikupewa uzito. Oktoba 2024 wamiliki wa klabu za NFL walipomruhusu kununua sehemu ya Raiders, masharti yalikuwa tayari yamewekwa: asiingie katika majengo ya klabu nyingine, asitazame mazoezi yao, asihudhurie vikao vya maandalizi na makocha na wachezaji, asiwakosoe hadharani waamuzi na klabu nyingine. Msimu uliofuata walilegeza kidogo, wakamruhusu kushiriki vikao kwa njia ya mtandao. Mazoezi na majengo yakabaki marufuku. Yasome masharti hayo tena ukimkumbuka Madden. Kutazama mazoezi, kukaa na kocha ana kwa ana, na kusema wazi kwamba fulani amekosea: hivyo ndivyo vitu vilivyomfanya Madden kuwa Madden. Fox inamlipa mtu fedha nyingi kuliko mchambuzi yeyote wa michezo aliyewahi kulipwa, kisha mtu huyo anafungiwa nje ya chumba ambamo kazi yenyewe hufanyikia. Siilaumu ligi kwa kuweka masharti. Klabu zina haki ya kutomkaribisha mmiliki wa klabu pinzani mazoezini. Ndiyo maana nasema swali la siri limetupotosha: hata Brady awe mwaminifu kama malaika, kofia ya pili imeshamzuia kuivaa ya kwanza sawasawa. Wahenga waliliona hili zamani: mshika mawili, moja humponyoka.

Watetezi wa mpango huu wana hoja, na baadhi zina nguvu. Ya kwanza ni kwamba mtu aliye ndani ya mchezo anaujua kuliko aliyetoka. Futiboli inabadilika haraka. Mbinu za 2005 zimeshapitwa, na mchambuzi aliyekaa nje miaka 15 anaweza kuwa anaeleza mchezo usiokuwepo. Hili ni kweli, na lilimgusa Madden mwenyewe: miaka yake ya mwisho wapo waliomwona anarudia maneno. Lakini dawa aliyoitumia dhidi ya kupitwa ilikuwa hayohayo mazoezi na filamu. Hakuhitaji hisa katika klabu ili ajue klabu inafanya nini. Alihitaji muda na ruhusa ya kuingia, na alivipata kwa sababu hakuna kocha aliyemwogopa.

Ya pili ni nzito zaidi, nayo ni mfano wa Dick Vermeil. Aliacha kuifundisha Philadelphia baada ya msimu wa 1982 akiwa amechoka mwili na roho, akakaa kwenye utangazaji miaka 14, akarudi St. Louis Rams 1997, na Januari 2000 akashinda Super Bowl. Kwa hiyo kurudi si dhambi, na sidai kila kocha aape kama Madden. Ila Vermeil alivaa kofia moja kwa wakati. Alipokuwa mtangazaji alikuwa mtangazaji. Sean Payton naye alikaa Fox msimu mmoja wa 2022, kisha akaenda kuifundisha Denver. Mfano huo naukubali kwa shida, kwa sababu mwaka mzima kila mtu alijua kwamba anasubiri kuitwa, na mchambuzi anayesubiri kuitwa anazungumza na wamiliki wanaoweza kumwajiri kesho. Atamkosoa nani kwa ukali? Kocha ambaye huenda nafasi yake ndiyo anayoitaka? Mmiliki ambaye huenda akampigia simu?

Jon Gruden alionyesha hali hiyo inavyoweza kuharibika kabisa. Alikuwa mchambuzi wa mechi za Jumatatu usiku katika kituo cha michezo cha ESPN kuanzia 2009 hadi 2017, na karibu kila mwaka kulikuwa na tetesi kwamba atarudi kufundisha. Alirudi 2018, Raiders tena, kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa miaka 10 na dola milioni 100. Oktoba 2021 alijiuzulu baada ya kufichuka barua pepe zenye matusi ya ubaguzi wa rangi, ya kuwadhalilisha wanawake na ya kuwakejeli mashoga, nyingi akiwa amezituma alipokuwa mtangazaji, kwa mkuu wa klabu moja ya ligi hiyohiyo aliyokuwa akiichambua. Matusi yale ni aibu yake mwenyewe, wala sidai kwamba utangazaji ndio uliyaleta. Ninachokitazama ni anwani zilikokwenda. Jumatatu usiku mtazamaji alidhani anasikiliza mtu aliyetoka kwenye ligi, kumbe siku nyingine anapiga soga na wakubwa wa ligi kama mmoja wao.

Hoja ya tatu husemwa sana na ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba mtazamaji anataka jina kubwa, basi. Bingwa wa Super Bowl saba kama Brady akizungumza watu watasikiliza, hayo mengine ni ya wasomi. Madden mwenyewe anaivunja hoja hii. Hakuwa na jina kama mchezaji; hakucheza hata dakika moja. Kama kocha alikuwa na kombe moja, na wapo wenye manne waliokwenda kwenye televisheni bila kuacha alama. Joe Montana, mmoja wa makwotabeki wakubwa katika historia, alidumu msimu mmoja studio za NBC. Drew Brees naye vivyo hivyo. Greg Olsen, ambaye hakuwahi kushinda Super Bowl, alikuwa mchambuzi mkuu wa Fox na alipata Emmy ya uchambuzi bora mwaka 2024. Mwaka huohuo Fox ilimshusha kwenye timu ya pili ili kumpisha Brady, na 2025 akaipata tuzo hiyo tena akiwa hukohuko chini. Waliomtuza walikuwa wakitazama kazi. Jina kubwa humleta mtu mbele ya televisheni mara ya kwanza. Baada ya robo saa anataka kuelezwa kilichotokea.

Haki inanidai niseme na upande wa pili wa Madden, maana hakuwa mtakatifu wa uhuru. Alitangaza bia, maduka ya vifaa vya ujenzi na dawa ya fangasi wa miguuni. Kuanzia 1988 jina lake lilikuwa kwenye gemu ya video ambayo imeuzwa nakala zaidi ya milioni 100 na ambayo inategemea leseni ya ligi. Katika gemu hiyo pia mwalimu alionekana: alipofuatwa na Trip Hawkins wa Electronic Arts mwaka 1984, kompyuta za wakati ule zilikuwa hazimudu wachezaji wengi, Madden akakataa kuweka jina lake mpaka wawe 11 kila upande kama uwanjani, hata ikabidi kusubiri miaka. Lakini leseni ni leseni, na mtu mwenye maslahi kwenye ligi hawezi kuwa mkali kwake kama asiye nayo. Pale aliponisononesha zaidi ni kwenye maumivu. Yeye aliyekaa kando ya kitanda cha Stingley alitumia miaka mingi hewani kuishangilia migongano, na gemu yenye jina lake iliwahi kuonyesha gari la wagonjwa likiingia uwanjani na kuwagonga wachezaji njiani, kwa kuchekesha. Baadaye, akiwa mstaafu, alifanya kazi katika kamati ya makocha ya kuishauri ligi, na alizungumzia majeraha ya kichwa kwa uzito. Naona alichelewa. Mtu aliyeweza kuwafundisha mamilioni namna mstari wa mbele unavyofanya kazi angeweza pia kuwafundisha nini kinatokea ndani ya fuvu la mtu wa mstari wa mbele baada ya misimu 10, na kama angefanya hivyo mwaka 1990 sauti yake ingesikika kuliko ya daktari yeyote. Leseni ya gemu inaweza kuwa sehemu ya sababu. Ikiwa hivyo, basi kasoro yake kubwa inatokea palepale alipokuwa na mguu mmoja ndani.

Hilo ndilo linalonifanya niogope yanayokuja kuliko haya ya Brady. Brady ni mtu mmoja, na siku moja atachagua kiti kimoja. Agosti 2025 yalitangazwa makubaliano ambayo ligi yenyewe inapata asilimia 10 ya ESPN, kituo kikubwa kuliko vyote vya michezo Marekani, nayo ESPN inachukua televisheni ya ligi. Hapo kofia mbili zinashonwa kuwa moja. Mchambuzi wa ESPN atakapotaka kusema kwamba ratiba ya mechi za Alhamisi inawaumiza wachezaji wasiopata siku za kutosha kupumzika, atakuwa akimkosoa mmoja wa wenye nyumba anamofanyia kazi. Huenda hakuna atakayemkataza. Wanahabari wa kwetu wanaijua vizuri hali ya kutokatazwa na mtu huku ukijua la kusema na la kuacha. Wapo watakaoniambia ni burudani tu, si siasa. Lakini ligi hii inakula kodi za miji inayojengewa viwanja, na inaamua namna vijana wanavyoumizwa na kulipwa. Inastahili mtu mmoja mwenye kalamu ya njano asiye na hisa.

Madden alifariki Desemba 28, 2021, akiwa na miaka 85. Tangu mwaka uliofuata, NFL huziita mechi za Sikukuu ya Shukrani kwa jina lake, kwa kuwa kwa miaka mingi siku hiyo alikuwa kazini, akimpa mchezaji bora mguu wa bata mzinga mbele ya kamera. Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi wanaoishi huku huutazama mpira huu siku hiyo tu, ndugu wakiwa wamekusanyika, pilau ikipakuliwa pembeni ya bata mzinga. Wakiwa wanatazama, natamani waonyeshwe pia dakika za mwisho za Februari 3, 2002. Super Bowl, New Orleans, Patriots 17, Rams 17, zimebaki sekunde 81, na Patriots hawana tena mapumziko ya kuomba. Mpira uko karibu na lango lao wenyewe, mikononi mwa kwotabeki kijana asiye na uzoefu. Madden akasema hewani kwamba wasithubutu. Waache muda uishe, waende kwenye nyongeza. Kijana yule hakuwa akimsikia. Akarusha pasi moja fupi, akarusha nyingine, akaisogeza timu mbele mpaka mpigaji wao, Adam Vinatieri, akaupitisha mpira katikati ya milingoti kutoka yadi 48. Ishirini kwa kumi na saba. Hata kabla ya mpira ule wa mwisho kupigwa, mzee alishabadili kauli mbele ya nchi nzima, akasema kwamba alichokifanya Tom Brady kinamsisimua mwili. Alikosea, akaona, akasema, na hakuna aliyeuliza anamtetea nani.